Kutoka kwa Mfanyakazi hadi kwa Mtumiaji: Historia ya Swali la Nani Huamua katika Uhandisi wa Programu, 1968–2023

Tafiti za sasa za uhandisi wa programu zinatangaza mwelekeo ambao huelezwa kuwa mpya, yaani kumweka binadamu katikati ya ujenzi wa mifumo ya kompyuta. Dalili zake ni nyingi. Mwaka 1999 lilichapishwa toleo la kiwango cha kimataifa ISO 13407 kuhusu usanifu unaomzingatia binadamu, na mwaka 2010 nafasi yake ikachukuliwa na ISO 9241-210. Mwaka 2008, katika mkutano mkuu wa kimataifa wa uhandisi wa programu uliofanyika Leipzig, Ujerumani, ilianza warsha ya kila mwaka inayohusu ushirikiano na masuala ya kibinadamu katika taaluma hiyo. Leo, kutokana na kuenea kwa akili unde, ni vigumu kusoma pendekezo la utafiti lisilotaja binadamu katika ukurasa wake wa kwanza.

Insha hii haipingi mwelekeo huo. Hoja yake ni kwamba swali linaloubeba lina zaidi ya miaka hamsini, na kwamba lilianza likiwa zito kuliko lilivyo sasa. Lilipoulizwa kwa mara ya kwanza, halikuwa swali la iwapo mfumo ni rahisi kutumika. Lilikuwa swali la nani ana haki ya kuamua mfumo ufanye nini, na nani anaweza kuukataa. Katika safari ya swali hilo kutoka Skandinavia hadi Afrika, mhusika mkuu alibadilishwa jina. Aliyekuwa mfanyakazi akawa mtumiaji. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini matokeo yake yanafika hadi kwenye zahanati za Tanzania na ofisi za Nairobi.

Simulizi rasmi ya uhandisi wa programu huanzia Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968, katika mkutano uliodhaminiwa na Kamati ya Sayansi ya NATO. Taarifa yake, iliyohaririwa na Peter Naur na Brian Randell, inadhihirisha hofu za wakati huo: programu zilizochelewa, zilizovuka bajeti na zisizoaminika. Jina lenyewe la taaluma lilichaguliwa kwa makusudi ili kuwachokoza wahusika, kwani lilidokeza kuwa ujenzi wa programu ulikosa misingi ambayo matawi mengine ya uhandisi yalikuwa nayo tayari. Ajenda ya miongo iliyofuata ilitokana na hofu hizo. Mtu ambaye kazi yake ingebadilishwa na programu hizo hakuwa na kiti katika mkutano huo, wala hakuna aliyetarajia awe nacho.

Miaka mitatu baadaye, katika nchi jirani na alikotoka Naur, mtu huyo alipewa kiti. Chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway kilikuwa kimeazimia mwaka 1970 kufanya utafiti wake chenyewe kuhusu teknolojia mpya viwandani. Kilimwendea Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo. Nygaard hakuwa mgeni katika taaluma. Yeye na Ole-Johan Dahl walikuwa wameunda lugha ya Simula, ambayo ndiyo chimbuko la uprogramu wa kiobjekti, na kwa kazi hiyo wakatunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka ni kwamba Simula ilikuwa pia chombo cha kuelezea mtiririko wa kazi kiwandani, na mwenye kuieleza kazi kwa undani huo anaweza kuipanga upya bila kumshirikisha anayeifanya. Nygaard aliliona hilo katika matumizi ya lugha yake mwenyewe, nalo ni miongoni mwa sababu zilizomsogeza karibu na vyama vya wafanyakazi.

Mradi wa chama hicho, ulioendeshwa kati ya 1971 na 1973 na ambamo Nygaard alishirikiana na Olav Terje Bergo, unastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu ya uamuzi mmoja wa kimbinu. Mpango wa awali ulikuwa wa kawaida: watafiti wangewahoji wafanyakazi, wangechambua mifumo, kisha wangeandika ripoti. Ilibainika mapema kwamba ripoti ya namna hiyo isingemwongezea mfanyakazi uwezo wowote wa kutenda. Hivyo basi, watafiti walibadilisha maana ya neno “matokeo”. Matokeo ya mradi yangekuwa yale ambayo matawi ya chama yangeyafanya kutokana na mradi, na si yale ambayo watafiti wangeyaandika. Wafanyakazi wa viwanda vilivyohusika walijifunza misingi ya upangaji, udhibiti na uchakataji wa data kwa vitabu vilivyotungwa kwa ajili yao, kisha wakaandaa madai yao wenyewe mbele ya menejimenti.

Athari zake zilivuka kuta za viwanda hivyo. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri nchini Norway yalitia saini mkataba wa kitaifa kuhusu mifumo ya kompyuta. Mkataba huo uliwapa wafanyakazi haki ya kupewa taarifa za mifumo inayopangwa, tena kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu, pamoja na haki ya kumchagua mwakilishi wao wa masuala ya data. Sheria ya Mazingira ya Kazi ya mwaka 1977 iliimarisha msimamo huo. Hapa kuna jambo ambalo mtafiti wa leo hana budi kulizingatia: haki hizo hazikutegemea kama mfanyakazi anagusa kompyuta au la. Zilitegemea kama mfumo unagusa kazi yake.

Miradi ya Sweden na Denmark iliyofuata ilikwenda njia hiyo hiyo, ingawa mmoja wao ulipindisha njia. UTOPIA, ulioanza mwaka 1981, uliwaunganisha wachapaji wa magazeti wa nchi za Nordiki na watafiti wa Stockholm na Aarhus. Walichoka kudai haki ya kukataa teknolojia mbaya, wakataka kubuni iliyo nzuri. Kwa kuwa vifaa walivyovihitaji vilikuwa ghali au havijatengenezwa bado, walijenga mifano ya karatasi, mbao na kadibodi. Sanduku tupu liliwakilisha printa ya leza, na mpangaji kurasa mzoefu alionyesha kwa mikono yake namna anavyopanga ukurasa. Mbinu hiyo ilivuka mipaka na kuenea duniani kote. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, ilienea kirahisi kwa sababu ilibebeka bila chama cha wafanyakazi. Kadibodi inaweza kupelekwa katika kampuni yoyote, lakini mkataba wa 1975 hauwezi kufungashwa pamoja nayo. Kufikia mwaka 2001, watu kumi na saba walipokutana Snowbird, Utah, na kutoa tamko lao la uundaji mwepesi wa programu, ushirikiano ulisifiwa sana. Lakini wa kushirikiana naye alikuwa mteja, yaani mwenye kulipa.

Tawi lililoelekea Afrika lina historia yake. Mwaka 1994, baada ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia, Afrika Kusini ilirithi idara 14 za afya zilizogawanywa kwa misingi ya rangi na maeneo ya kibantustani, kila moja ikiwa na takwimu zake. Katika eneo la Cape Town, Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake, wakiwemo wanaharakati wa afya waliopinga ubaguzi, walianzisha mpango wa mifumo ya taarifa za afya uitwao HISP. Walijinasibisha waziwazi na urithi wa Skandinavia. Kutokana na mpango huo ilizaliwa programu huria ya DHIS, ambayo matoleo yake ya kwanza yalijengwa juu ya Microsoft Access ili iweze kubadilishwa haraka mbele ya wale waliokuwa wakiijaribu. Jambo la kwanza lililojadiliwa halikuwa programu bali orodha: ni takwimu zipi chache ambazo wilaya inazihitaji kweli, na zipi zinakusanywa kwa mazoea tu? Mjadala huo ulikuwa wa kisiasa kwa kila hali, kwani kuziunganisha takwimu za watu waliotenganishwa ilikuwa sehemu ya kuubomoa ubaguzi wenyewe.

Toleo la pili, DHIS2, lilijengwa kwa ajili ya intaneti, na kitovu cha usanidi wake kikawa Oslo. Mwaka 2011 Kenya ilianza kulitumia mtandaoni kwa nchi nzima, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani kufanya hivyo. Tanzania Bara nayo ilifuata, kwa mchango mkubwa wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo programu hiyo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Mafanikio hayo si ya kubezwa. Braa, Eric Monteiro na Sundeep Sahay walikwisha kutoa hoja mwaka 2004 kwamba majaribio ya kijiji kimoja hufa pindi wafadhili wanapoondoka, na kwamba uhai wa mradi wa namna hiyo unategemea mtandao mpana wa kujifunza pamoja. Hoja hiyo ni sahihi. Hata hivyo, kadiri mtandao ulivyopanuka, ndivyo maana ya ushiriki ilivyosogea kutoka katika kuamua hadi katika kufundishwa.

Tazama zahanati ya kawaida ya Tanzania Bara. Tangu miaka ya 1990 muuguzi amekuwa akijaza vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: rejesta ya wajawazito, ya watoto, ya wagonjwa wa nje na nyinginezo. Mwisho wa kipindi hujumlisha kwa mkono, hujaza fomu ya taarifa, kisha huipeleka wilayani. DHIS2 ilipoingia, aliyeingiza takwimu katika kompyuta kwa kawaida alikuwa ofisa wa ngazi ya wilaya. Kwa lugha ya taaluma, ofisa huyo ndiye mtumiaji. Ni yeye aliyealikwa kwenye mafunzo na kuulizwa kama kiolesura kinamfaa. Muuguzi, ambaye kalamu yake ndiyo chanzo cha kila tarakimu, na ambaye muda wake na mgonjwa hupungua kila kiashiria kipya kinapoongezwa na wizara au mfadhili, hakuwa mtumiaji. Chini ya kanuni ya 1975 angehesabiwa, kwa kuwa mfumo uligusa kazi yake. Chini ya kanuni ya mtumiaji anaachwa nje, kwa kuwa yeye hagusi mfumo.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili, ingawa hoja haisimami juu yake. Mtumiaji, mtumishi na mtumwa ni maneno ya mzizi mmoja, *-tum-*, na kinachoyatofautisha ni viambishi, yaani nani anamtuma nani. Muuguzi wetu ni mtumishi wa umma ambaye mfumo humtuma, ilhali taaluma inamtafuta mtumiaji ambaye huutuma mfumo.

Zanzibar inatoa mfano unaopunguza ukali wa lawama hiyo. Baada ya HISP kuanza kazi huko mwaka 2005, warsha za matumizi ya data zilifanywa kuwa za mara kwa mara. Timu za wilaya ziliwasilisha takwimu zao mbele ya timu nyingine, zikakosoana, na kasoro za fomu zenyewe zikajitokeza katika mabishano hayo na kurekebishwa. Hapa aliyekusanya takwimu alipata nafasi ya kusema kwamba swali fulani halina maana. Hiyo ni nafasi halisi, lakini ilitolewa kwa hisani ya mpango, na hisani si mkataba.

Tofauti hiyo ndiyo inayoupa mwelekeo wa sasa uzito wake. Jumuiya ya utafiti imekwisha kufika barani: kongamano la kimataifa la usanifu shirikishi lilifanyika Windhoek mwaka 2014, na kongamano la kwanza la Kiafrika la uhusiano wa binadamu na kompyuta likafanyika Nairobi mwaka 2016. Tarehe 1 Mei 2023, katika jiji hilo hilo la Nairobi, wafanyakazi zaidi ya 150 waliokuwa wakichuja maudhui ya mitandao ya kijamii na kuandaa data za kufundishia akili unde walipiga kura ya kuunda chama chao. Miongoni mwao walikuwemo watu waliosoma maandishi ya ukatili ili mashine ijifunze kutoyarudia. Wao si watumiaji wa mifumo hiyo, si wateja wake, na majina yao hayamo katika orodha ya wahandisi wake. Fasihi ya taaluma hii ina istilahi nyingi za kumwelezea mtu anayeketi mbele ya skrini na kuuliza swali, ila ina istilahi chache mno za kumwelezea mtu huyu mwingine, ambaye kazi yake imo ndani ya jibu.

Kura hiyo inafanana na azimio la Norway la mwaka 1970 kwa jambo moja: wote walianza na chama kabla ya kuanza na mfumo. Inatofautiana nalo kwa mengi, hasa kwamba mwajiri wa Norway alikuwa ng'ambo ya meza, ilhali mnunuzi wa kazi ya Nairobi huwa ng'ambo ya bahari na hupitia kwa mkandarasi. Hatua inayofuata katika utafiti huu ni kukiweka kifungu cha 1975 kinachodai taarifa kwa lugha inayoeleweka mkabala na mikataba ya ajira ya waandaaji data, na kuuliza kwa kila mkataba: je, anayeusaini anaelezwa data anayoiandaa itafanya kazi gani, na anaelezwa kabla ya kusaini au baada?