Usawiri wa Mhusika Mwenye Usonji katika Filamu ya Marekani: Kutoka Change of Habit hadi Keep the Change

Wahakiki wa fasihi wamezoea kumpima mhusika kwa kuuliza iwapo ni bapa au ni mviringo. Mgawo huo, ambao asili yake ni E. M. Forster (1927), una manufaa yake, lakini unapwaya pindi tunapoukabili usawiri wa mtu mwenye usonji katika filamu. Mhusika huyo aghalabu hurundikiwa sifa nyingi, tena za kustaajabisha. Pamoja na sifa hizo zote hukosa azma, yaani jambo analolitaka mwenyewe na ambalo msuko unalazimika kulijibu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo una historia, na kwamba historia hiyo imefungamana na namna matabibu walivyoieleza hali yenyewe. Tutajifunga hasa na filamu za Marekani, kwa kuwa ndizo zilizoweka kaida iliyofuatwa na wengine.

Leo Kanner wa Baltimore aliwaeleza watoto 11 katika makala yake maarufu ya mwaka 1943. Hans Asperger alifanya kazi ya namna hiyo mjini Vienna mwaka uliofuata. Mwaka 1949 Kanner aliandika juu ya ubaridi wa wazazi, akiwafananisha watoto hao na vitu vilivyohifadhiwa kwenye jokofu. Bruno Bettelheim, aliyekuwa amepitia kambi za Dachau na Buchenwald kabla ya kuhamia Marekani, aliishadidia hoja hiyo katika kitabu chake cha 1967, ambamo mtoto alichorwa kama mfungwa na mama akawa mshukiwa. Tukilitazama kwa jicho la mhakiki, hili lilikuwa tayari ni simulizi kamili. Palikuwa na ngome, palikuwa na aliyefungiwa ndani, na kilichosubiriwa ni mkombozi tu.

Filamu ilimleta mkombozi huyo haraka. Katika Change of Habit (1969), filamu ya mwisho ya kubuni ambayo Elvis Presley aliigiza, daktari kijana anayetibu maskini mjini anamkumbatia kwa nguvu msichana mdogo aitwaye Amanda, naye anapigana na kulia hadi hasira inamwishia. Baada ya hapo mtoto anafunguka. Mtazamaji wa leo hawezi kuiangalia sehemu hiyo bila kuchukizwa, lakini umuhimu wake kihistoria ni mkubwa. Mapambano ya Amanda hayasomwi kama kauli ya mtu anayekataa kushikwa. Yanasomwa kama ugonjwa unaomtoka. Kukataa kwake kunageuzwa kuwa dalili, na hapa ndipo tunapouona mzizi wa tatizo letu.

Wakati huohuo nadharia ya mama baridi ilikuwa imeanza kuporomoka. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameipinga katika kitabu chake cha 1964, akisisitiza kwamba chanzo ni cha kimaumbile. Mwaka 1980 mwongozo wa uainishaji wa magonjwa ya akili nchini Marekani uliutenga usonji wa utotoni na skizofrenia. Filamu nazo zililegeza lawama, ingawa ajabu ilibaki palepale: katika The Boy Who Could Fly (1986) mvulana asiyesema anapaa angani kikwelikweli, kisha anatoweka akiwaachia wengine matumaini. Hatuna haja ya kukawia hapo.

Tunakawia kwa Rain Man (1988), filamu ya Barry Levinson iliyotuzwa Oscar nne mwaka 1989, ikiwemo ya filamu bora na ile ya Dustin Hoffman. Rimland mwenyewe alikuwa mmoja wa washauri wake, na pengine si ajabu kwamba mama halaumiwi tena. Amekwisha kufa zamani. Charlie Babbitt, kijana mwenye madeni, anagundua kwamba baba yake ameacha dola milioni 3 kwa manufaa ya kaka ambaye hakujua kwamba yuko. Anamtoa Raymond katika kituo cha Walbrook bila idhini, akitaraji kupata nusu ya mali, na safari ya gari ya kuvuka nchi inaanza. Vladimir Propp (1928) angemtambua Raymond mara moja: ni msaidizi mwenye nguvu za miujiza. Anahesabu vijiti vilivyomwagika kwa kuvitupia jicho tu, anakariri kitabu cha simu, na huko Las Vegas anakumbuka karata kiasi cha kumwokoa Charlie na wadai wake. Anayebadilika ni Charlie. Raymond ndiye chombo cha badiliko hilo.

Hata hivyo, itakuwa ni kuipunja filamu hii tukiishia hapo, kwa maana azma ya Raymond imejaa katika kila onyesho. Anataka kipindi chake cha televisheni kwa saa yake. Anataka chakula fulani siku fulani, na nguo za ndani za duka fulani. Anakataa kupanda ndege, akitaja ajali kwa tarehe. Anakataa kutoka wakati wa mvua, na safari inasimama kweli. Haya yote ni matakwa, na baadhi yake yana hoja nyuma yake. Msuko unayachukulia kama vikwazo vya kuchekesha kwenye njia ya mtu mwingine, na sisi tunacheka.

Kilele chake ni kikao karibu na mwisho, ambapo daktari anamuuliza Raymond kama anataka kukaa na ndugu yake. Anaitikia. Anamuuliza kama anataka kurudi Walbrook. Anaitikia vilevile. Swali linarudiwa hadi Charlie mwenyewe anaomba likomeshwe, kwani ni fedheha. Filamu inatutaka tuafiki kwamba mtu huyu hawezi kuchagua, na wahakiki wengi wameafiki. Lakini je, kuna upuuzi gani katika kumtaka ndugu na kukitaka pia chumba ulichokizoea? Majibu mawili ya ndiyo yanapingana tu ikiwa muulizaji amekwisha kuamua kwamba moja sharti lilifute jingine. Yafaa kuongeza kwamba daktari huyo anaigizwa na Levinson, mwongozaji wa filamu. Aliyelipanga swali ndiye anayeliuliza, na Raymond anapandishwa treni.

Mtu aliyemtia ilhamu mwandishi Barry Morrow, Kim Peek wa Salt Lake City (1951–2009), alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, lakini wataalamu waliomchunguza baadaye hawakuona kwamba alikuwa na usonji. Ubongo wake ulizaliwa bila kiungo kinachounganisha nusu zake mbili. Hivyo kipawa kilitoka kwa mtu mmoja na hali ikatoka kwa wengine, kisha muungano huo ukageuka kipimo cha wote. Makadirio ya Rimland ya mwaka 1978 yalikuwa kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 wenye usonji ndiye mwenye kipawa cha namna hiyo. Kwenye skrini ni kana kwamba wote 10 wanacho.

Kaida ikasambaa. Katika Mercury Rising (1998) mtoto anafumbua msimbo wa siri wa serikali, naye mpelelezi aliyevunjika moyo anapona kwa kumlinda. Filamu ya Kihindi My Name Is Khan (2010), ambayo mashabiki wa Shah Rukh Khan katika pwani yetu wanaijua vyema, inafanya jambo tata zaidi: Rizwan ana azma bayana, ya kumwambia rais wa Marekani kwamba yeye si gaidi, ingawa usonji wake unatumiwa kuthibitisha usafi wa moyo wake, kana kwamba Mwislamu asiye na hali hiyo angepaswa kushukiwa.

Temple Grandin (2010), iliyotengenezwa kwa televisheni kutokana na maandishi ya Grandin mwenyewe, ilibadili nafasi ya kamera. Picha zinazojaa kichwani mwake tunaziona kutoka ndani. Daktari anayemlaumu mama yumo, safari hii akiwa kioja cha zama zilizopita. Azma ya Grandin ni kujenga josho ambamo ng'ombe wanapita bila hofu; wafanyakazi wanaubadilisha mchoro wake, na ng'ombe wanazama. Hapa mtazamaji anaumia kwa sababu mhusika alitaka kitu na akazuiwa, jambo ambalo Rain Man haikuwahi kulitudai. Bado, lakini, ni hadithi ya mtu wa kipekee, na aliyeigiza, Claire Danes, hana usonji.

Keep the Change (2017) ya Rachel Israel haina kipawa chochote cha kuonyesha. Brandon Polansky na Samantha Elisofon, ambao wote wana usonji, wanaigiza wapenzi waliokutana katika kikundi cha watu wenye hali hiyo huko New York. Yeye mwanamume ni mwongo kidogo, ana majivuno, na anaona haya kuhesabiwa na wenzake. Mwanamke anampenda, lakini hamvumilii kwa kila jambo. Wanagombana. Hakuna ndugu anayeponywa na mapenzi hayo, wala hakuna daktari wa kuuliza ni nani anataka kukaa na nani.