Daftari Lilisema Sita

Umeme ulikatika Busisi saa mbili usiku, Machi 2025, kompyuta ikiwa mapajani mwangu. Ni kompyuta ya mtumba, betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu, kwa hiyo ilizimika papo hapo. Sikuhangaika. Nilikuwa nimetoka kunakili rekodi ya babu kutoka kwenye kadi ya kinasa sauti. Mstari ulikuwa umefika asilimia mia, kidirisha kikajifunga chenyewe, nikafuta kadi ili nipate nafasi ya kazi ya kesho. Sekunde chache baadaye, giza. Nikaenda kula.

Miezi ile nilikuwa narekodi watu wa kivukoni. Daraja lilikuwa limekaribia kwisha, kilomita tatu za zege kutoka Kigongo upande wa Misungwi hadi kwetu upande wa Sengerema, na kila mtu alijua kwamba siku litakapofunguliwa MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema hazitakuwa na kazi tena hapa. (Lilifunguliwa tarehe 19 Juni mwaka huohuo.) Nilitaka sauti za wauza samaki, wapiga debe, vijana wa mahindi ya kuchoma, watu ambao riziki yao ilitokana na foleni yetu. Babu hakuwa kwenye orodha yangu. Alijileta mwenyewe.

"Umewauliza watu wote habari za kivuko," aliniambia. "Mimi hujaniuliza habari za meli."

Nyumbani kwetu ukisema "meli" bila jina, ni moja tu. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na wengi wamezikwa Igoma. Hesabu kamili haijawahi kupatikana kwa sababu iliyo nyepesi kuieleza na nzito kuibeba: abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Mdogo wake babu alikuwa daraja la tatu. Alikuwa amekwenda Bukoba na wenzake kuuza dagaa, wakawa wanarudi na ndizi. Kwa karibu miaka 29 babu hakuwahi kulizungumza jambo hilo mbele yangu. Jioni ile alizungumza saa mbili na dakika kumi bila kunywa hata maji, na mimi, kwa kuogopa kumkatisha, niliandika kwenye daftari mstari mmoja tu: *Watu sita kutoka huku. Majina: sikiliza rekodi.*

Kesho yake asubuhi umeme ulikuwa haujarudi. Nikachukua kinasa sauti nikaenda kivukoni, nikamrekodi mama mmoja wa sangara wa kukaanga dakika 21. Umeme ulirudi mchana. Nikawasha kompyuta, nikaona mistari miwili myeupe ikipita kwenye kioo cheusi: wa kwanza ukisema inarejesha shajara, wa pili ukimalizia na neno la Kiingereza lenye maana ya "safi". Nikafungua folda. Faili ya babu ilikuwepo, kwa jina lake na tarehe yake. Ukubwa: baiti 0.

Nilikaa nikilitazama lile neno "safi" kichwani kwa muda mrefu. Nililiona kama tusi. Baadaye, nilipolisoma jambo lenyewe, nikaelewa kwamba kompyuta haikuwa imenidanganya. Nilikuwa nimeielewa vibaya ilichoahidi.

Faili si kitu kimoja kwenye diski. Kuna jina, linalokaa kwenye orodha ya folda. Kuna maelezo yake: ukubwa, tarehe, mwenyewe, na anwani za mahali yaliyomo yalipo. Kuna ramani ya nafasi zilizokwisha kushikwa. Halafu kuna yaliyomo yenyewe. Ukihifadhi faili moja, sehemu zote hizo inabidi ziandikwe, na diski haiwezi kuziandika zote kwa mpigo. Umeme ukikatika katikati, jina linaweza kuelekeza mahali ambapo hapana kitu, au nafasi moja ikadaiwa na faili mbili.

Katika Unix ya miaka ya 1970 dawa ilikuwa kukagua diski nzima. Programu ya fsck, iliyoandikwa na T. J. Kowalski, ilifanya kazi ya karani wa sensa: inapita kila nyumba, inahesabu kila kichwa, inalinganisha na orodha. Waliokosa kwao iliwakusanya kwenye folda iitwayo lost+found, ambamo faili hukaa na namba badala ya majina. Kwa diski ndogo ilitosha. Diski zilipokua, sensa ikawa inachukua saa nzima na zaidi, na watu wakikaa kuisubiri. Ext2, mfumo wa faili wa Linux uliotoka 1993, bado ulikuwa unategemea ukaguzi wa namna hiyo kila mashine ilipoanguka.

Wazo lililobadilisha mambo lilitoka kwa watu wa hifadhidata. Kabla hujafanya jambo, andika kwenye daftari kwamba unataka kulifanya, kisha lifanye, kisha likate. Mwenye duka anayeandika mkopo kabla ya kukupimia sukari analijua hilo. Ukizimia katikati, atakayekuja hana haja ya kuhesabu duka zima. Atasoma ukurasa wa mwisho wa daftari: kilichoandikwa kikakamilika atakirudia, kilichoandikwa nusu atakiacha kama hakikuwahi kuwepo. Mmoja wa walioijenga elimu hiyo ya miamala ni Jim Gray, aliyeanzia kazi hiyo IBM miaka ya 1970 na kupewa Tuzo ya Turing ya 1998. Januari 2007 aliondoka San Francisco peke yake kwa mashua kwenda kutawanya majivu ya mama yake karibu na visiwa vya Farallon. Hakurudi. Watu wa kujitolea walichambua picha za setilaiti kipande kwa kipande, na mashua haikuonekana. Habari hiyo niliisoma nikiwa nyumbani kwa babu, ziwa likiwa mbele yangu, nikaacha kusoma kwa siku hiyo.

IBM waliiweka shajara ndani ya mfumo wa faili wa AIX mwaka 1990. Kwenye Linux, Stephen Tweedie aliandika mwaka 1998 jinsi ext2 inavyoweza kuongezewa shajara, na matokeo yake, ext3, yakaingia rasmi Novemba 2001. Sensa ya saa nzima ikawa sekunde mbili.

Lakini shajara ilikuja na ubahili wake, na hapo ndipo nilipoumia. Kuandika kila kitu mara mbili, kwanza daftarini na kisha mahali pake, ni kazi ya polepole. Kwa hiyo kwa kawaida shajara huandika muundo tu: jina, ukubwa, anwani. Yaliyomo hayaingii. Unaweza kuiamuru iandike yote, na wachache hufanya hivyo. Kinacholindwa ni diski isijipinge yenyewe. Sauti ya babu yako ni shauri lako.

Ext4, iliyotangazwa kuwa imara Desemba 2008, iliongeza jambo la pili. Ukihifadhi faili, mfumo hauamui mara moja yaliyomo yakae wapi. Hungoja, ukiyashikilia kwenye kumbukumbu ya muda, ili upate nafasi nzuri zilizofuatana. Mwanzoni mwa 2009 watumiaji wa Ubuntu walianza kulalamika kwamba mashine zikianguka wanakuta faili zenye majina na ukubwa wa sifuri. Theodore Ts'o, mmoja wa watengenezaji wakuu wa ext4, alijibu kwamba programu inayotaka uhakika inapaswa kuuomba waziwazi, kwa agizo la fsync, ambalo huulazimisha mfumo kuandika sasa hivi. Hata hivyo aliongeza kinga kwa baadhi ya hali zilizozoeleka, hasa faili mpya inapochukua nafasi ya faili ya zamani. Kwa hoja alikuwa sahihi. Mimi pia ningekuwa upande wake, kama faili ingekuwa ya mtu mwingine.

Sasa pangilia usiku wangu. Asilimia mia niliyoiona ilikuwa na maana kwamba megabaiti 125 zimefika kwenye kumbukumbu ya muda. Shajara huandikwa karibu kila sekunde tano, basi jina likawahi. Yaliyomo yanaweza kukaa nusu dakika kabla ya kushushwa kwenye diski, basi hayakuwahi. Kadi nayo, kwa kuwa ni kitu cha kuchomoka wakati wowote, huandikiwa haraka haraka. Kwa hiyo amri yangu ya kufuta ilifika kabla ya nakala niliyodhani ninayo.

Sikujua hayo yote siku ile. Nilijua jambo moja tu nililofundishwa na rafiki yangu fundi wa Nyegezi: diski iliyopotelewa usiiandikie kitu. Nikazima, nikavuka na kivuko, nikampelekea. Aliitoa diski, akaichukulia nakala kamili, kila sekta ya gigabaiti 320, kwa programu ya ddrescue, kwenye diski nyingine aliyoiazima. Ilimaliza usiku kucha. Kazi yote ilifanyika juu ya nakala. Nilipotaka kuipachika nakala kwa kusoma tu, alinishika mkono: hata ukiomba kusoma tu, ext4 yenye shajara isiyokatwa itairudia shajara kwanza, yaani itaandika. Kuna namna ya kuikataza, na ni lazima uitaje. Kisha akaendesha ukaguzi kwa hali ya kutazama bila kurekebisha. Wengi, aliniambia, huharibu hapo. Wanaruhusu fsck ijibu "ndiyo" kwa kila swali, na fsck kazi yake ni kuupatanisha muundo, hata kama upatanisho huo ni kuitupa faili yako.

Tulitafuta alama za MP3 katika nakala nzima. Tulipata nyimbo, mahubiri, mihadhara ya chuo. Sauti ya babu haikuwepo, kwa sababu haikuwahi kufika. Nilikuwa nimeanza kufunga mkoba aliponiuliza, "Na kadi iko wapi?"

Kadi ilikuwa ndani ya kinasa sauti. Mfumo wake ni FAT, wenye asili ya miaka ya 1970, hauna shajara wala ujanja wowote. Ukifuta faili, FAT hubadilisha herufi ya kwanza ya jina kuwa alama na kuziachilia nafasi. Yaliyomo hubaki palepale hadi yaandikiwe juu yake. Na nilikuwa nimeandika juu yake, dakika 21 za mama wa sangara, kuanzia mwanzo. Zilizobaki zilikuwa nzima. MP3 imeundwa kwa vipande vidogo, kila kimoja na kichwa chake, ndiyo maana hata ukiikata mwanzo inalia. PhotoRec ilizitoa kwa dakika chache. Rekodi inaanza katikati ya sentensi, babu akisema: "...ndiyo hao sita, na hakuna aliyeandikwa."

Majina yalikuwa kwenye dakika 21 za kwanza.

Rafiki yangu, kwa nia njema, alisema meli ile nayo ilikuwa kama diski yangu, muundo uliandikwa, yaliyomo hayakuandikwa. Sikupenda. Orodha ya daraja la tatu haikucheleweshwa ili ipangwe vizuri. Haikuwepo tu, na watu si baiti.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili kabla ya kumwambia babu. Nilikwenda jioni, nikamwamkia, nikamweleza bila kuficha kwamba niliifuta kadi mapema. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yaani nilisema bure?"

"Hapana, babu. Mwanzo tu ndio uliopotea. Majina."

Alinyamaza, kisha akanyoosha mkono, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mdogo wake kwanza. Safari hii niliandika kila jina kwa kalamu kabla ya kuwasha kinasa sauti. Alifika kidole cha tano akasimama. Akarudia tangu mwanzo, polepole. Watano.

Nikamsomea mstari wa daftari langu. Nikamchezea rekodi, ile nusu ya sentensi. Aliomba nirudie mara tatu.

"Anayesema hapo ni mimi?"

"Ni wewe, babu."

"Basi walikuwa sita." Alikitazama kidole gumba cha mkono wa pili muda mrefu. Baadaye akasema kuna mama mmoja upande wa Buchosa, mjane wa mmoja wao, yeye ndiye aliyewapikia usiku waliposafiri, kama bado yu hai atajua. Namba yake ya simu hana. Nyumba anaikumbuka, ina mwembe.

Sauti ya babu sasa iko sehemu tatu, na kila ninapoiweka mahali papya naifungua niisikilize kabla ya kufuta kitu chochote. Kwenye daftari, chini ya namba 6, nimeacha mstari mtupu. Jumamosi tunakodi bajaji kwenda Buchosa.