Almasi za Mwadui na wanawake wa hatari wa Hollywood

Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wenye almasi huko Mwadui, mkoani Shinyanga. Mwaka uliofuata, katika filamu ya *The Maltese Falcon*, Mary Astor aliingia ofisini kwa mpelelezi na machozi ya uongo, na watu wakauana kwa ajili ya sanamu ya ndege iliyoaminika kusheheni vito. Sanamu yenyewe ilikuwa bandia. Almasi za Mwadui hazikuwa bandia, na muda si mrefu zilikuwa njiani kwenda kwenye masoko yaleyale ambayo Hollywood ilikuwa ikiyatia tamaa.

Miaka ya arobaini ndiyo iliyomkomaza yule mrembo wa filamu za uhalifu anayemtumbukiza mwanamume shimoni. Mwaka 1944, katika *Double Indemnity* ya Billy Wilder, Barbara Stanwyck alimshawishi wakala wa bima amuue mumewe ili wachukue fidia. Kitu kimojawapo kilichomvuta wakala yule kilikuwa cheni ya mguuni. Miaka miwili baadaye Rita Hayworth alitingisha kumbi za sinema kwa *Gilda*. Wanahistoria wengi wa filamu wanaihusisha hofu ya mwanamke wa aina hiyo na Vita vya Pili vya Dunia: wanaume walikwenda mapiganoni, wanawake wakaingia viwandani, wakashika mshahara wao wenyewe. Na kwa kuwa kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, hazikuruhusu uovu ushinde, mwanamke wa aina hiyo mara nyingi aliishia jela au kaburini. Mwanamume aliyeshika bastola kwa hiari yake huonekana mhanga. Hapo ndipo penye hila ya filamu hizi.

Nje ya skrini, tamaa ya vito ilipikwa ofisini. Wakala wa matangazo wa kampuni ya almasi ya De Beers, N.W. Ayer, walikuwa wakizisogeza almasi karibu na nyota wa sinema tangu mwishoni mwa miaka ya thelathini, na mwaka 1947 mwandishi wao, Frances Gerety, alibuni kaulimbiu iliyoifanya almasi kuwa kitu cha milele. Gerety hakuolewa maisha yake yote. Williamson naye hakuoa. Mwaka huohuo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa, almasi ya waridi ya Mwadui yenye uzito wa karati 54.5, ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitengenezea bruchi ya umbo la ua. Mwaka 1953 ndio pia Marilyn Monroe aliimba sifa za almasi katika *Gentlemen Prefer Blondes*. Lorelei Lee, mhusika wake, hamuui mtu. Anapiga hesabu tu, tena kwa umahiri kuliko wanaume wote waliomzunguka.

Je, wachimbaji wa Shinyanga waliwaona wanawake hawa? Si kwa urahisi. Serikali ya kikoloni iliwachagulia Waafrika filamu za kutazama, na moja ya hofu zake ilikuwa mwanamke mweupe aonekane katika ulaghai na anasa mbele yao. Kwa hiyo vito viliruhusiwa kutoka, ila picha za waliovivaa zilipaswa kupita kwanza mikononi mwa wakaguzi.

Sura ya pili ya mwanamke wa hatari haina urembo. Katika riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885 kuhusu migodi ya Mfalme Sulemani, anayeijua njia ya kwenda kwenye hazina ya almasi ni Gagool, bikizee mchawi, naye hufa akipondwa na mlango wa jiwe. Riwaya haina mwanamke wa Kizungu safarini. Filamu ya mwaka 1950 ilimwongeza kupitia Deborah Kerr. Msomaji wa Usukumani hawezi kumsoma Gagool kama mzaha. Shinyanga na mikoa jirani imeshuhudia kwa miongo mingi mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kuni na mavi ya ng'ombe.

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita hofu hiyo ya mwanamke ilichukua sura nyingine. Imani kwamba mwanamke, hasa akiwa hedhini, akishuka shimoni dhahabu inakimbia, iliwaweka wanawake wengi juu ya ardhi: wakiponda mawe, wakichekecha, wakiokota magwangala, yaani mabaki ya mawe ya mgodini, wakishika zebaki kwa mikono mitupu, wakipika. Chama cha wachimbaji wanawake, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997, na leo wapo wanawake wenye leseni na maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yao wenyewe.

Ukiniuliza ni nani wa Hollywood anayefanana nao, sitamtaja Stanwyck. Nitamtaja Cherry Malotte, aliyeigizwa na Marlene Dietrich katika *The Spoilers* ya mwaka 1942: mwenye baa katika mji wa dhahabu wa Nome, Alaska, huku wanaume wakiporana migodi na kutwangana ngumi ukumbini. Cherry hachimbi, lakini mji unamtegemea. Katika machimbo ya Geita wapo mama ntilie wanaowalisha vijana kwa mkopo kabla duara halijatema, na wanaolipwa kwa mifuko ya mawe yanapopatikana. Wengine wamepanda kutoka kwenye sufuria hadi kumiliki shimo. Duara likigoma, hasara ni yao.

Kwa hiyo mtunzi wa Bongo anayesaka mwanamke jasiri wa filamu yake, aache kuiga mrembo mwenye bastola ndani ya pochi. Aende Nyarugusu au Mgusu, aagize wali maharage, kisha aombe kwa adabu kuoneshwa daftari la madeni.