Klipu za Shafti Ndogo: Kuzichagua na Kuzitumia

Ubavu wa mashine ya fotokopi ukifunguliwa, skrubu hazimsumbui fundi. Skrubu ni kubwa, zinaonekana, na zikianguka sakafuni hulia. Kinachosumbua ni kile kipande cha chuma chenye umbo la herufi E kilichobana ncha ya shafti ya rola: upana wake milimita nne na ushee, unene wake haufiki nusu milimita, na ukikigusa vibaya kwa bisibisi kinaruka kama panzi. Katika maduka ya steshenari ya Kariakoo, ambako mashine moja hutoa nakala tangu asubuhi hadi duka linafungwa, kipande hicho kikipotea rola huanza kutembea pembeni, karatasi huingia kombo, na mteja mwenye fomu za shule za mwanawe mkononi hana subira.

Jina lake halijatulia mjini. Kuna anayesema klipu, kuna anayesema loki, na mafundi wa magari hulichukua neno la Kiingereza circlip, kila mmoja akaligeuza kwa ulimi wake. Mji uliolifanya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kuwa Kariakoo hauwezi kushindwa na neno dogo kama hilo. Wajerumani na Waitaliano nao huiita Seeger, kwa jina la kampuni ya Kijerumani iliyoieneza. Hapa tutasema klipu.

Klipu ni pete ya chuma cha springi isiyofunga mzunguko. Inaingia kwenye mfuo, yaani mkato mwembamba uliochongwa kuzunguka shafti, na sehemu yake ya nje hubaki imechomoza kama bega. Bega hilo ndilo linalozuia gia, rola, bushi au beringi isichomoke. Nati ingeweza kufanya kazi hiyo, lakini nati hudai hesi, hudai urefu wa shafti, na mtikisiko huilegeza. Klipu hudai mfuo tu.

Kwa shafti ndogo utakutana na aina tatu. Klipu ya E ina meno matatu yanayoshika mfuo, nayo husukumwa kutoka ubavuni. Hii ndiyo imejaa kwenye printa, mashine za fotokopi na vidude vingi vya nyumbani. Klipu ya masikio ina matundu mawili mdomoni na huvishwa kupitia ncha ya shafti kwa plaizi maalumu. Ipo ya nje, inayokaa juu ya shafti, na ya ndani, inayokaa ndani ya tundu. Ya tatu ni waya wa springi uliokunjwa tu, kama ule unaoshika pini ya pistoni ya pikipiki.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo pesa na muda hupotea. Mtu anapima shafti yake, anapata milimita 5, anafika kaunta.

“Bosi, nipe klipu namba tano.”

“Ya E au ya masikio, kaka?”

“Yoyote, mradi tano.”

Hakuna yoyote hapo. Katika kipimo cha Kijerumani cha klipu za masikio za nje, DIN 471, namba ni kipenyo cha shafti: namba 5 ni ya shafti ya milimita 5, na mfuo wake una kipenyo cha 4.8. Lakini katika DIN 6799, ambayo ni ya klipu za E, namba ni kipenyo cha mfuo. Klipu ya E namba 5 inataka mfuo wa milimita 5, na shafti zake ni za milimita 6 hadi 8. Shafti ya milimita 5 hutumia E namba 3.2 au namba 4, kulingana na mfuo aliouchonga mtengenezaji. Yule kaka akirudi na E namba 5, itaning'inia juu ya shafti yake kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto.

Ndiyo maana mfuo ndio upimwe kwanza, na shafti ifuate. Pima kwa kaliper, ukitumia zile ncha nyembamba za taya zinazoweza kuzama mfuoni. Rula haifai hata kidogo: katika klipu za E, hatua ya kutoka namba 1.5 hadi 1.9 ni sehemu nne tu za kumi za milimita. Kisha pima upana wa mfuo, kwa sababu ndio unaoamua unene wa klipu. E namba 1.5 ina unene wa 0.4 na mfuo wake una upana wa 0.44, namba 2.3 na namba 3.2 zote zina unene wa 0.6 na huingia mfuo wa 0.64. Nafasi iliyoachwa ni sehemu nne za mia za milimita. Klipu iliyozidi unene kidogo tu haiingii.

Kuna mtego mwingine, nao unawahusu hasa watu wa Dar es Salaam. Pikipiki, mashine za fotokopi na printa nyingi mjini zimesanifiwa Japani, na Wajapani wana kipimo chao, JIS. Mahali ambapo Mjerumani ana E za 1.9, 2.3 na 3.2, Mjapani ana 2, 2.5 na 3. Ukizitazama kiganjani ni zilezile. Ukizivisha, moja inacheza na nyingine imetanuliwa kupita kiasi hadi springi yake imekufa. Yale maboksi ya plastiki ya klipu mchanganyiko kutoka China, yenye vyumba kumi, mara nyingi huanza na 1.5, halafu 2, 3, 4, hadi 10. Ni boksi zuri kuwa nalo, nami nalipendekeza kwa fundi yeyote, lakini lina pengo palepale unapolihitaji: hakuna 1.2, hakuna 2.5. Ukilazimisha namba 3 kwenye mfuo wa 2.5 kwa sababu ndiyo iliyo karibu, umeikopa kazi hiyo, itarudi.

Kwa hiyo njia ya sokoni iliyozoeleka, ya kwenda na kile cha zamani kama sampo, ni ya akili kabisa, ikiwa cha zamani hakijatanuka. Ukiwa na kaliper, angalia pia mdomo wa klipu. Mdomo wa E namba 4 ni milimita 3.34, mdogo kuliko mfuo utakaoushika. Tofauti hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa “tak” unapoisukuma. Klipu iliyokwisha kutanuka mdomo huingia kimya.

Kuivisha kwenyewe ni kazi ya nusu dakika ikiwa mikono imetulia. Futa mfuo kwanza; wino wa unga wa mashine ya fotokopi ukichanganyika na grisi hutengeneza tope gumu linaloweza kuzuia meno yasifike chini. Rudisha washa kama ilikuwapo. Shika klipu kwa plaizi yenye mdomo bapa, elekeza mdomo wake kwenye mfuo, iwe imelala sawa bila kuinamia upande, kisha sukuma kwa mkupuo mmoja. Geuza shafti utazame: meno yote matatu yawe yamegusa. Jino moja likiwa limepanda juu ya ukingo, klipu hiyo itaruka siku mashine itakapokwama karatasi.

Kuitoa ndiko kunakohitaji hila. Ingiza bisibisi bapa ndogo kwenye uwazi ulio kando ya jino la kati, izungushe taratibu, huku kidole cha mkono mwingine kikiwa kimeziba mbele. Wapo wanaofunika kwa kitambaa, na wapo wanaofanya kazi yote ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini ile bahasha ya plastiki iliyofungia spea yenyewe inafaa vizuri zaidi. Sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, ikiwekwa kando ya kazi, huokota iliyokimbia, ingawa baadhi ya klipu za chuma kisichoshika kutu hazivutwi na sumaku. Miwani ya kazi si madoido hapa. Klipu ikiruka haichagui pa kwenda.

Klipu za masikio zina jambo lao. Kwa kuwa hukatwa kwa kupigwa kutoka bamba, uso mmoja hubaki na kingo kali na mwingine una kingo za mviringo. Pitisha ukucha utausikia ukali. Uso wa mviringo uelekee kile kinachozuiwa, na ule mkali uegemee ukuta wa mfuo, mbali na mzigo. Ukigeuza, ukingo wa mviringo huwa ndio unaobebeshwa mfuo, na mzigo ukizidi klipu hupanda na kutoka. Usiitanue zaidi ya inavyohitajika kupita kwenye shafti. Plaizi nyingi zinaweza kuifungua mara mbili ya hapo.

Je, ya zamani irudishwe? Kwenye trei ya karatasi ya printa, E ambayo haijapinda inaweza kurudi, na hakuna atakayekulaumu. Kwenye grenda, ambayo shafti yake inaweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika, weka mpya. Kwenye pistoni ya bodaboda usijadili: waya zile mbili zikitolewa zinatupwa. Zikivishwa mpya, mdomo wake uelekee juu au chini, kwa mstari wa mwendo wa pistoni, kwa sababu ukielekea pembeni kule kupanda na kushuka kwa pistoni huzikunja na kuzilegeza. Waya ikichomoka, pini hutembea hadi kwenye ukuta wa silinda na kuuchora, na gharama ya klipu mbili inageuka gharama ya bloku.

Mafundi wa mitaani wana mbadala zao, na si zote za kudharauliwa. Waya wa spoku ya baiskeli una uspringi kidogo, na ukikunjwa vizuri unaweza kushika gurudumu la mwanasesere kwa miaka. Klipu ya karatasi ni chuma laini. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu. Kusugua klipu nene kwenye msasa hadi ipungue kunawezekana ukiifanya kwa mkono, taratibu, na maji. Ukiipeleka kwenye jiwe la grenda, moto utaua uspringi wake kabla hujamaliza.

Shafti mpya ikichongwa na mkerezaji, mwambie mambo matatu. Mfuo uwe na kuta zilizosimama wima, maana pembe ya mviringo chini huinua klipu. Kati ya mfuo na ncha ya shafti ibaki nyama isiyopungua mara tatu ya kina cha mfuo. Kwa klipu ya masikio ya shafti ya milimita 10, ambayo mfuo wake una kipenyo cha 9.6, kina ni 0.2 na nyama ni 0.6. La tatu, apewe klipu yenyewe mkononi kabla hajaanza kukata, asikate kwa kukisia halafu ndipo klipu itafutwe. Klipu ya E inadai mfuo wenye kina zaidi kuliko ya masikio, hivyo kwenye shafti inayobeba nguvu ya kuzungusha, masikio ni salama zaidi.

Hewa ya pwani ni ya chumvi na unyevu, na klipu nyeusi za kawaida zina rangi ya fosfati na mafuta tu. Boksi likikaa wazi barazani, masika moja hutosha kuzipa kutu. Tone la mafuta ndani ya boksi na mfuniko uliofungwa vinatosha.

Na kabla hujafunga kava, hesabu. Ulitoa sita, zirudi sita. Ikikosekana moja, usiwashe mashine: huenda iko ndani, na ikidondokea kwenye bodi ya umeme itaunguza kitu cha bei kubwa kuliko boksi zima la klipu.