Mizani Kabla ya Kiti: Ushirika wa Pamba na Uongozi wa Wenyeji



Nyarugusu inajulikana kwa dhahabu. Hata hivyo, habari ninayotaka kuikumbusha ni ya pamba, maana ndiyo iliyowafundisha watu wa Geita, Mwanza na Shinyanga kuongoza chombo kikubwa kilichokuwa mali yao wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa Usukumani aliuza pamba yake kwa wanunuzi, wengi wao wafanyabiashara wa Kiasia, waliokuwa na mizani, magari na viwanda vya kuchambulia. Asiyejua kusoma mizani alipokea alichopewa. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini dawa ya kwanza ilikuwa ndogo. Wakulima walichangishana, wakamwajiri kijana anayejua kusoma na kuandika, naye akasimama karibu na kituo na mizani yake, akipima mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi. Kijana huyo hakuwa mwenyekiti wala meneja. Kazi yake ilikuwa kutaja ratili za kweli, na waliomlipa waliweza kumwondoa.

Juhudi hizo zilipata mratibu katika Paul Bomani, aliyewahi kuwa karani wa hesabu kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Alipita vijijini kuunganisha vikundi vya wakulima, kisha akaenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililofahamika kwa herufi za VFCU, naye akawa meneja mkuu wake. Kasamwa, hapa hapa Geita, pakawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo wakulima walichambua pamba katika kiwanda chao. Kufikia mwaka 1959, ununuzi wa pamba yote ya Jimbo la Ziwa ulikuwa mikononi mwa ushirika.

Tuangalie utaratibu wao. Walianza kwa kupima, wakafuata kununua, wakamalizia na kuchambua. Kwa kazi za mitambo ambazo hawajazimudu waliajiri wataalamu wa kigeni, lakini mgeni huyo alikuwa mtumishi, na mkulima ndiye mwajiri.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kombo. Mwaka 1966 Tume ya Rais ilichunguza ushirika nchini, ikakuta wanachama wasioelimishwa, watumishi wasio na ujuzi wa kutosha, na siasa iliyoingilia kazi. Serikali ikaingilia kati, na mwaka 1968 nafasi ya VFCU ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa, na pamba ikawekwa chini ya Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua mlango wa kuvirudisha.

Nasema yafuatayo nikiwa mtumishi wa Serikali. Viongozi wa miaka ile ya mamlaka walikuwa wananchi wenzetu, wengine wasomi kama sisi. Kwa sura, uongozi ulikuwa wa wenyeji kabisa. Lakini mkulima hakuweza kuwauliza hesabu wala kuwaondoa, kwa kuwa hakuwachagua yeye. Basi kuzaliwa hapa peke yake hakumfanyi mtu kuwa kiongozi wa wenyeji. Yule kijana wa mizani alikuwa kiongozi wa wenyeji kuliko mkurugenzi aliyeletwa kwa barua kutoka makao makuu.

Hili linawahusu moja kwa moja wachimbaji wadogo wa Nyarugusu. Tangu mwaka 2019 Geita ina soko la madini, ambapo dhahabu hupimwa hadharani. Hiyo ni hatua njema, lakini mizani ya Serikali haitoshi kuendesha chama cha wachimbaji. Wafadhili na mashirika huja na miradi, na siku moja huondoka. Wakiondoka, swali si nani atakayekalia kiti chao, bali ni wanachama wangapi wanaoweza kusoma daftari la mapato na kusimama mkutanoni kuuliza.

Vijana, hesabu mnazoziona ngumu darasani ndizo zilizojenga Kasamwa. Mkirudi nyumbani likizo, kaeni na baba zenu na mama zenu wenye vikundi, muwasomee vitabu vyao vya fedha mstari kwa mstari.