Tovuti ya duka lako Kariakoo inaonekana mtandaoni? Vifaa vya bure vya kukupa jibu

Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani na kuingia Kariakoo, hufiki mbali kabla winga hajakuuliza unatafuta nini. Ukimtajia bidhaa, anajua mtaa, jengo, ghorofa na fremu. Winga mzuri ana mambo mawili kichwani: nani anauza nini, na mteja anakiitaje kitu anachokitaka.

Mtambo wa kutafuta wa Google hufanya kazi inayofanana na hiyo. Mteja aliyeko Mbeya, Lubumbashi au Lusaka anaandika maneno machache kwenye simu, na mtambo unamwelekeza dukani. Kama mtambo haulijui duka lako, au kama umelieleza kwa maneno ambayo mteja hayatumii, mteja huyo anapelekwa kwa jirani.

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo huuza kupitia Instagram na WhatsApp, na wengine wamelipia kutengenezewa tovuti. Tovuti ikikaa miezi bila kuleta hata simu moja, mwenye duka huambiwa atoe pesa nyingine ili "ipandishwe". Kabla ya kulipa, vipo vifaa vya bure vinavyoonyesha tatizo liko wapi. Katika makala haya tunaeleza vifaa hivyo ni vipi, vinaonyesha nini, na mwenye duka asiye fundi anaweza kufanya nini navyo.

Vifaa vyenyewe

Kikubwa kati yake ni Google Search Console. Kilianza mwaka 2005 kikiitwa Google Sitemaps, mwaka 2006 kikaitwa Webmaster Tools, na mwaka 2015 kikapewa jina la sasa. Kampuni ya Microsoft nayo ina chake, Bing Webmaster Tools. Pamoja na hivyo kuna PageSpeed Insights cha kupima kasi ya tovuti, Google Trends cha kulinganisha maneno yanayotafutwa, na Google Business Profile kinachoweka duka kwenye ramani.

Vyote ni bure. Tukumbuke tu kwamba hakuna hata kimoja kinachopandisha tovuti chenyewe. Kipimajoto hakitibu homa. Kinakuonyesha kama ipo na imefikia wapi.

Kwanza: ufunguo uko kwa nani?

Search Console haimwonyeshi kila mtu taarifa za tovuti yako. Ni lazima uthibitishe kwamba tovuti ni yako, kwa kuweka faili dogo au mstari mfupi wa maandishi ndani ya tovuti, au kwa kuongeza rekodi kwenye mipangilio ya jina la tovuti pale liliposajiliwa.

Hapa ndipo mwenye duka anaweza kugundua kwamba tovuti anayoilipia kila mwaka imeandikwa kwa jina la fundi. Majina yanayoishia na .tz, kama .co.tz, husajiliwa kupitia mawakala. Muulize wakala wako jina limesajiliwa kwa nani, kwa barua pepe ipi, na linaisha muda wake lini. Kama jibu si wewe au kampuni yako, anza kulirekebisha hilo mapema. Fundi akihama au mkikosana, anaweza kuondoka na duka zima la mtandaoni, yakiwemo majina yote uliyoyajenga kwa wateja.

Fungua akaunti ya Search Console kwa barua pepe yako mwenyewe, uwe ndiye mmiliki. Fundi muongeze kama mtumiaji. Kifaa kina ngazi tofauti za ruhusa, na kazi ikiisha unamwondoa. Hakuna sababu ya kumpa mtu neno la siri la barua pepe yako.

Pili: Google inakujua?

Google huwa na programu, maarufu kama roboti, zinazotembelea kurasa za mtandao na kuziweka kwenye faharasa yake. Ukurasa usiokuwa kwenye faharasa hautokei kwa mtu yeyote, hata akiandika maneno sahihi kabisa.

Ndani ya Search Console, bandika anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu. Utajibiwa kama ukurasa huo upo kwenye Google au haupo, na kama haupo, sababu ni nini. Kwa tovuti nzima, fungua ripoti iitwayo Pages. Inahesabu kurasa zilizoingizwa na zilizoachwa.

Sababu zinazojitokeza mara nyingi ni hizi:

- Tovuti ilifungwa wakati wa ujenzi na haikufunguliwa. Wanaotumia WordPress wana kisanduku cha tiki kinachoiambia mitambo ya kutafuta isiingize tovuti. Fundi akisahau kuitoa tiki hiyo, duka linabaki limefungwa huku taa zikiwaka ndani.
- Faili liitwalo robots.txt linazuia roboti zisisome sehemu muhimu.
- Ukurasa hauna maneno. Hili ni tatizo la wanaoweka bango la bei kama picha moja kubwa. Mtu anaisoma picha hiyo vizuri, lakini mtambo unahitaji maandishi ili uulinganishe ukurasa na kile mteja alichoandika. Bei, aina, saizi na mahali viandikwe kwa maneno pembeni ya picha.
- Kurasa nyingi zinafanana neno kwa neno, au zimenakiliwa kutoka kwa mtengenezaji wa bidhaa.

Ukisharekebisha, unaweza kuomba ukurasa usomwe upya kwa kitufe kilichopo hapohapo. Wasilisha pia ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zako. WordPress imekuwa ikiitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Faili moja linaweza kubeba hadi anwani 50,000, kiasi kinachotosha kwa karibu duka lolote.

Tatu: wateja wanakiitaje unachouza?

Hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote. Fungua ripoti iitwayo Performance. Utaona maneno ambayo watu waliandika Google mpaka tovuti yako ikatokea, mara ilizotokea, mara iliyobofywa, na nafasi yake kwa wastani. Taarifa zinarudi nyuma hadi miezi 16, kwa hiyo unaweza kulinganisha msimu wa Idi au wa kufungua shule mwaka huu na mwaka uliopita. Baadhi ya maneno yanayotafutwa na watu wachache mno hufichwa ili kulinda faragha yao.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja ana duka la vitenge Mtaa wa Congo. Tovuti yake imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, kwa sababu fundi alimwambia ndiyo inayoonekana ya kisasa. Akifungua ripoti anakuta tovuti imetokea mara chache kwa watu walioandika "vitenge vya jumla Kariakoo" na "bei ya kitenge doti", ikiwa ukurasa wa nne. Maneno hayo hayapo popote kwenye tovuti yake. Wateja wako mlangoni, wanaita kwa jina ambalo duka halilijui.

Anachotakiwa kufanya si kigumu. Aandike ukurasa unaojibu swali hilo hasa: vitenge vya aina gani, jumla kuanzia doti ngapi, bei ikoje, duka lipo jengo gani, mzigo unatumwaje mikoani. Kichwa cha ukurasa kibebe maneno hayohayo ya mteja. Kama hana uhakika watu husema "kitenge" au "vitenge", Google Trends inamwezesha kulinganisha maneno mawili kwa Tanzania pekee.

Ripoti hiyo pia inaonyesha nchi. Kariakoo hupokea wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi, Komoro na kwingineko. Ukiona watu wa Kongo wanakutafuta, ukurasa wa Kifaransa unaweza kukulipa. Kila lugha iwe na ukurasa wake na anwani yake. Usichanganye lugha tatu kwenye ukurasa mmoja.

Namba nyingine ya kuangalia ni uwiano wa kutokea na kubofywa. Tuseme ukurasa umetokea mara 900 na kubofywa mara 9. Hiyo ni asilimia 1. Kama wastani wa nafasi yake ni wa chini sana, watu pengine hawakufika ulipo. Lakini kama uko miongoni mwa wa kwanza na bado hawabofyi, angalia kichwa na maelezo mafupi yanayoonekana Google. "Karibu kwenye tovuti yetu" haimwambii mteja chochote.

Nne: tovuti inafunguka kwa bando la mteja?

Google huingiza tovuti kwa kuangalia zaidi jinsi zinavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta. Ingiza anwani yako PageSpeed Insights na usome matokeo ya simu. Kipimo kimoja cha kuzingatia ni muda ambao kitu kikubwa zaidi kwenye skrini huchukua hadi kionekane. Google inashauri usizidi sekunde 2.5.

Kwa tovuti za maduka, mzigo mkubwa huwa ni picha zilizopakiwa kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja ikiwa na megabaiti kadhaa. Zipunguze kabla ya kuzipakia. Programu ya bure iitwayo Squoosh hufanya hivyo kwenye kivinjari. Mteja wa bando la siku hatasubiri picha kumi na mbili nzito zishuke, na wala hatakupigia kukuambia kwamba ameondoka.

Tano: duka lipo wapi leo?

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, na wafanyabiashara wake wakalazimika kuhamia maeneo mengine. Hata bila janga kama hilo, fremu hubadilika: kodi inapanda, jengo linavunjwa, duka linahamia ghorofa ya pili. Ramani ya mtandaoni haijui hayo mpaka mtu aiambie.

Google Business Profile ni bure, na mara nyingi uthibitisho hufanyika kwa kurekodi video fupi inayoonyesha mtaa, bango na ndani ya duka. Andika jengo, ghorofa na namba ya fremu. Ukihama, badilisha anwani siku hiyohiyo. Hakikisha jina la duka na namba ya simu vinafanana kwenye ramani, tovuti na Instagram.

Ukimaliza ya Google, ingia Bing Webmaster Tools. Inaweza kuvuta taarifa zako kutoka Search Console, hivyo huna haja ya kuthibitisha upya. Watumiaji wa Bing ni wachache kuliko wa Google, lakini kazi yenyewe huchukua dakika chache.

Wanaouza "nafasi ya kwanza"

Google imeeleza wazi kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba haipokei malipo ili kupandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo huwekewa alama. Anayekuahidi namba moja kwa wiki mbili, mwombe akuonyeshe kwenye Search Console yako ni nini hasa atakirekebisha. Akikutajia orodha ya maneno yaliyofichwa ndani ya ukurasa, mjulishe kwamba Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kuwa haiyatumii kupanga matokeo.

Fungua pia ripoti za usalama na za adhabu ndani ya kifaa hichohicho. Tovuti iliyodukuliwa inaweza kubeba mamia ya kurasa za kamari au bidhaa bandia bila mwenyewe kujua. Ukiona maneno ya lugha usiyoijua kwenye ripoti ya Performance, mwite fundi mara moja.

Utaratibu wa kila mwezi

Nusu saa kwa mwezi inatosha. Angalia kurasa zilizoachwa nje. Soma maneno ishirini ya juu na uchague moja ambalo hujalijibu, kisha uliandikie ukurasa. Pima kasi ya ukurasa wa mbele. Hakiki anwani na namba ya simu kwenye ramani. Andika tarehe na ulichobadilisha kwenye daftari, kwa sababu matokeo huchukua siku au wiki kuonekana, na bila daftari hutajua kipi kilisaidia.

Baada ya miezi mitatu utakuwa na namba zako mwenyewe. Ukiamua kumlipa mtaalamu, na wapo wazuri, utakaa naye ukijua unachohitaji, na akimaliza utaona mwenyewe kama kazi imefanyika.