Bwana Abbott na Wanagenzi Wake

Msimu wa 1926 ndio uliomtoa George Abbott. Tarehe 16 Septemba mwaka huo, katika ukumbi wa Broadhurst mjini New York, pazia lilifunguliwa kwa mchezo ulioitwa Broadway, habari ya wacheza dansi na wauza pombe ya magendo kwenye kilabu cha usiku, zama zile pombe ilipokuwa marufuku Marekani nzima. Aliuandika na kuuongoza pamoja na Philip Dunning, na ukachezwa mara 603. Mwaka haujaisha, tarehe 30 Desemba, akafungua mwingine: Chicago, wa Maurine Watkins, mwandishi wa gazeti la Chicago Tribune aliyewahi kukaa mahakamani akiripoti kesi za wanawake walioshtakiwa kuua wapenzi wao. Abbott alikuwa na miaka 39. Mpaka hapo alijulikana kama mwigizaji wa kati, mrefu, mkavu wa maneno, mwenye kipaji cha kunyoosha maandishi ya wenzake yaliyopinda.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1887 katika mji mdogo wa Forestville, jimbo la New York, na sehemu ya utoto wake akaipitisha Wyoming, magharibi ya mbali. Alimaliza Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 1911, akaenda Harvard kusoma uandishi wa tamthilia kwa George Pierce Baker, mwalimu ambaye Eugene O'Neill naye alipita mikononi mwake. Mwaka 1913 akapanda jukwaa la Broadway kwa mara ya kwanza, akiigiza kijana mlevi wa chuo. Miaka kumi na ushei iliyofuata haina mengi ya kusimulia: aliigiza, aliandika, alitengeneza michezo ya watu.

Ili kumwelewa mtu huyu, sharti kwanza tuielewe biashara aliyoifanya. Broadway haikuishi kwa ruzuku ya serikali. Mtayarishaji alipita kwa wenye fedha, ambao wenyewe waliwaita malaika, akawauzia hisa za mchezo usiokuwapo bado. Fedha zikitimia, alipanga ukumbi, mara nyingi kwa ndugu wa Shubert waliomiliki kumbi nyingi, kisha akamwajiri mwongozaji kwa ada na sehemu ya mapato ya kila wiki. Mazoezi yalichukua wiki nne au tano. Baada ya hapo mchezo ulipelekwa New Haven, Boston, Philadelphia au Washington ukajaribiwe mbele ya watu wanaolipa, na huko ndiko nyama ilikotenganishwa na mfupa: nyimbo zilitupwa, waigizaji walifukuzwa, maonyesho mapya yaliandikwa hotelini usiku na kuchezwa kesho yake. Mwisho New York. Wahakiki wa magazeti walitoka ukumbini mbio kwenda kuandika, na asubuhi kila mwenye hisa alijua kama fedha yake imekufa au ingali hai.

Na biashara yenyewe ilikuwa ikisinyaa. Msimu wa 1927 hadi 1928 michezo zaidi ya 250 ilifunguliwa Broadway. Kisha zikaja filamu zenye sauti, ukaja mporomoko wa uchumi wa 1929, na kumbi zikaanza kugeuzwa sinema. Abbott mwenyewe alikwenda Hollywood, akashiriki kuandika filamu ya All Quiet on the Western Front ya mwaka 1930, halafu akarudi zake New York. Kila mwaka ulivyopita, wenye fedha walizidi kuwa waoga, na mwoga humtafuta fundi aliyekwisha kuonekana. Hapo ndipo jina la Abbott lilipogeuka mtaji. Kila mtu kazini, mkubwa kwa mdogo, alimwita Mister Abbott, yaani Bwana Abbott, hata waliofanya naye kazi miaka ishirini.

Ufundi wake ulisifiwa kwa kasi. Kasi, nadhani, ilikuwa matokeo tu; kazi yenyewe ilikuwa kuondoa. Sentensi isiyosukuma kisa iliondoka, mwendo usio na sababu uliondoka, kicheko kilichoziba neno muhimu kiliondoka nacho kingawa kitamu. Aliwasumbua waigizaji kuhusu jambo dogo ambalo wengi hawakuliona: watamke silabi za mwisho za maneno, zisikike hadi kwa aliyekaa nyuma kabisa kwenye roshani. Hakuogopa kumwambia mwigizaji sentensi isemwe vipi, mkazo hapa, pumzi pale. Wafuasi wa mafunzo ya uigizaji ya Stanislavsky, ya kutafuta msukumo wa ndani wa mhusika, waliokuwa wakipata nguvu tangu kundi la Group Theatre lianze mwaka 1931, waliona huko ni kumdhalilisha msanii. Kinasimuliwa kisa cha mwigizaji aliyemuuliza ni msukumo gani unaomfanya mhusika wake avuke jukwaa, akajibiwa kuwa ni mshahara wake. Kisa hicho huelezwa kwa majina tofauti, na huenda kimenogeshwa njiani, ila kinafanana naye.

Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa mfalme wa vichekesho: Three Men on a Horse mwaka 1935, Room Service mwaka 1937. Wakati huohuo watunzi wa nyimbo Rodgers na Hart wakamvuta kwenye michezo ya nyimbo, na huko ndiko alikoacha alama iliyodumu zaidi. Kabla yake mchezo wa nyimbo wa Broadway mara nyingi ulikuwa kamba tu ya kuanikia nyimbo na wasichana. Abbott aliutendea kama mchezo wowote mwingine: nani anataka nini, na nini kinamzuia. The Boys from Syracuse wa 1938 aliuandika mwenyewe kutoka kichekesho cha Shakespeare, akabakisha mistari michache mno ya mwandishi wa awali. Pal Joey, uliofunguliwa siku ya Krismasi ya 1940 Gene Kelly akiwa kiongozi, ulimweka jukwaani tapeli anayelelewa na mwanamke tajiri, tena bila kumtubisha. Brooks Atkinson, mhakiki wa New York Times, hakupendezwa.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, wakaja kwake vijana wanne, mkubwa wao akikaribia miaka 30: Leonard Bernstein mtunzi wa muziki, Jerome Robbins mtunzi wa dansi, na waandishi Betty Comden na Adolph Green. Walikuwa na mchezo wa mabaharia watatu wenye likizo ya siku moja mjini New York, uitwao On the Town. Walichokosa ni mtu wa kuaminiwa na wenye fedha. Abbott, mwenye miaka 57, alipokubali, mlango ulifunguka. Kampuni ya filamu ya MGM ilinunua haki hata kabla mchezo haujafunguliwa. Aliutania muziki wa Bernstein kuwa ni mambo ya akina Prokofiev, akakata alipoona panafaa kukatwa. Nafasi ya msichana anayetafutwa na baharia mji mzima ilichezwa na Sono Osato, ambaye baba yake Mjapani alikuwa ametiwa kizuizini baada ya shambulio la Pearl Harbor. Wacheza dansi weusi walitembea mitaa ya jukwaani pamoja na weupe kama wakazi wa mji tu, bila kupewa sahani za kubeba wala mifagio. Mwaka uliofuata Everett Lee, mpiga fidla mweusi wa okestra ya mchezo huo, akakabidhiwa kijiti cha uongozi wa muziki. Sifa ya mambo hayo ni ya vijana kuliko ya mzee, lakini bila jina la mzee yasingefika jukwaani.

Tangu hapo ofisi ya Abbott ikawa karakana ya wanagenzi. Mwaka 1948 aliingia kijana wa miaka 20, Harold Prince. Alikuwa ameandika barua akiomba kufanya kazi bure, na kusema kwamba siku watakayogundua kutokana na uzembe wake kuwa halipwi, wamfukuze. Akaanza na kazi za ofisini, akawa msaidizi wa msimamizi wa jukwaa, akaenda jeshini, akarudi akakuta nafasi yake ipo. Miaka sita baada ya barua ile, yeye na Robert Griffith, msimamizi wa jukwaa wa Abbott, pamoja na Frederick Brisson, wakawa watayarishaji wa The Pajama Game, na Abbott ndiye aliyekuwa mwongozaji wao. Kisa kilihusu mgomo katika kiwanda cha pajama, wafanyakazi wakidai nyongeza ya senti saba na nusu kwa saa. Mwaka 1954, Seneta McCarthy akiwa bado anawasaka wakomunisti, malaika wakubwa hawakuvutiwa na mgomo wenye nyimbo. Fedha ikakusanywa kidogokidogo kutoka kwa watu wadogo, na baadhi yao walikuwa wafanyakazi wa mchezo wenyewe.

Dansi alipewa Bob Fosse, miaka 26, ambaye hakuwahi kutunga dansi ya mchezo wa Broadway. Robbins akawekwa awe mwongozaji mwenza, kama bima. Sehemu ya pili ilianza na mkutano wa chama cha wafanyakazi, na humo Fosse aliingiza wacheza dansi watatu wenye suti nyeusi na kofia za duara, magoti yamepinda, mabega yamekunjwa, wakichezesha kofia vidoleni huku wakitoa sauti za mvuke. Kwenye majaribio ya nje ya mji watu walishangilia hadi mchezo ukasimama. Abbott akataka wimbo ule ukatwe kwa sababu ileile: unasimamisha mchezo, na kisa hakisongi hata hatua moja. Kwa kanuni zake alikuwa sahihi kabisa. Robbins akamsihi auache, akauacha. Mchezo ulifunguliwa tarehe 13 Mei 1954 ukumbi wa St. James, ukachezwa mara 1,063, na dansi ya kofia ndiyo iliyompa Fosse jina. Mwaka uliofuata timu ileile ikatoa Damn Yankees katika ukumbi wa 46th Street, Gwen Verdon akiwa kinara, mara 1,019. Miezi michache baadaye Jerry Ross, aliyetunga nyimbo za michezo yote miwili pamoja na Richard Adler, akafariki akiwa na miaka 29. Mwaka 1959 ukaja Fiorello!, juu ya meya wa zamani wa New York, ukampa Abbott na wenzake tuzo ya Pulitzer.

Kilichompata mwaka 1962 kinaonyesha mpaka wa ufundi huo. A Funny Thing Happened on the Way to the Forum ulikuwa mchezo wa mtumwa wa Roma ya kale anayetafuta uhuru wake kwa hila, nyimbo zake zikiwa za Stephen Sondheim. Kwenye majaribio ya Washington mchezo ulianguka. Viti vilikuwa vitupu, na waliokuja hawakucheka. Abbott alipunguza hapa, akaharakisha pale, maonyesho yakanyooka, na bado watu hawakucheka. Akafika mahali pa kutania kwamba labda aitwe George Abbott aje auokoe. Aliyeitwa akawa Jerome Robbins, na kumwita halikuwa jambo jepesi. Mwaka 1953 Robbins alikuwa ametaja majina mbele ya kamati ya Bunge iliyosaka wakomunisti, na mmoja wa aliowataja ni Madeline Lee, mke wa Jack Gilford, ambaye sasa alikuwa mmoja wa waigizaji wakuu wa mchezo huu. Zero Mostel, aliyecheza mtumwa, naye alikaa miaka kwenye orodha nyeusi ya wasanii walionyimwa kazi. Wote wawili wakakubali kufanya naye kazi.

Robbins aliona kasoro mahali ambapo Abbott hakupatazama. Mchezo ulifunguliwa na wimbo laini wa mapenzi, kwa hiyo watazamaji walijiandaa kuona jambo tamu na la upole, kisha wakarushiwa vurugu za matowashi na makahaba. Walikuwa wameelekezwa vibaya tangu dakika ya kwanza, na hakuna mkato wa sehemu ya pili ungewarudisha. Sondheim akaandika wimbo mpya wa kuwaambia wazi kwamba usiku huo ni wa kucheka, Robbins akaupanga, na mchezo uleule ukaamka. Ulifunguliwa New York tarehe 8 Mei 1962, ukachezwa mara 964. Tuzo ya Tony ya uongozaji alipewa Abbott. Jina la Robbins halikuandikwa kwenye programu, na nyimbo za Sondheim hazikuteuliwa hata kuwania. Ukiniuliza, hiyo ni dhuluma, ingawa ya kawaida katika biashara ile. Kwa Abbott namhesabia jambo moja: mwongozaji wa miaka 74, mwenye mafanikio kuliko wote waliokuwa hai, aliweza kukaa kando mwanagenzi wake wa zamani arekebishe kazi yake, bila kuvunja kikao.

Yaliyobaki hayahitaji maneno mengi. Mwaka 1965 aliongoza Flora the Red Menace, uliompa Liza Minnelli tuzo ya Tony akiwa na miaka 19, na uliowaleta Broadway kwa mara ya kwanza pamoja John Kander na Fred Ebb. Mwaka huohuo ukumbi wa mtaa wa 54, ambamo On the Town ulifunguliwa ulipokuwa ukiitwa Adelphi, ulipewa jina lake. Mwaka 1970 ukabomolewa kupisha hoteli. Yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1987, akiwa na miaka 100, aliurudisha jukwaani mchezo wake wa Broadway, ukafungwa baada ya maonyesho manne. Akiwa na miaka 106 alishauriwa juu ya marekebisho ya Damn Yankees. Alifariki Miami Beach tarehe 31 Januari 1995, na miaka yake 107.

Kuhusu ule mchezo wa Chicago wa 1926, Gwen Verdon na Fosse walitaka kuugeuza wa nyimbo kwa miaka mingi, Maurine Watkins akawanyima haki hadi alipofariki mwaka 1969. Warithi wake wakauza. Kander na Ebb wakatunga nyimbo, Fosse akaongoza, Verdon akacheza, na tarehe 3 Juni 1975 ukafunguliwa katika ukumbi uleule wa 46th Street wa Damn Yankees. Ulirudishwa jukwaani Novemba 1996, na ukaendelea kuchezwa kwa zaidi ya miaka ishirini.